Mapatano Yasiyo na Daftari



Twapenda kusema neno juu ya jambo linalosifiwa sana katika mji wetu wa Dodoma na wilaya zinazouzunguka, nalo ni vikao vya kupatanisha raia na polisi. Wenyeviti wa mitaa, masheikh, wachungaji na wazee huketi pamoja na askari wa kata. Hotuba husomwa, chai hunywewa, kisha kila mtu hurudi kwake akisema kwamba uhusiano ni mwema. Mpango huu uitwao Polisi Jamii ulipata nguvu wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeongoza polisi tangu mwaka 2006 hata 2013. Hatuupingi. Asiyetaka askari na raia wasemezane haitakii nchi heri. Tunalopinga ni moja tu, yaani kikao kisichoandika. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba na haki huisha vivyo hivyo.

Ili tufahamike, yafaa kukumbuka jeraha hili lilianzia wapi. Wadachi walipoingia Ugogo na kujenga boma Mpwapwa, askari wao walikuja na kiboko, na hesabu yao ya hamsa ishirini ikaingia katika lugha ya watu hata leo. Katika vita ya 1914 hata 1918 majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi katika nchi hii, na nyuma yao, mvua ilipokosekana, ikaja njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Katikati ya dhiki ile, mwaka 1919, Waingereza wakaanzisha polisi ya Tanganyika, makao yake makuu yakiwa Lushoto. Mgogo wa siku zile hakuwa na sababu yo yote ya kudhani kwamba mtu mwenye sare na bunduki amekuja kumlinda.

Na ndani ya polisi yenyewe ngazi ilikuwa ya rangi. Mzungu alikuwa afisa, Mhindi alikaa katikati, Mwafrika alikuwa askari wa miguu, hata awe hodari namna gani. Sisi makarani twaifahamu ngazi ile, kwa kuwa ilisimama katika kila ofisi. Ndiyo maana mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake kule Tanga waliunda chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, Waislamu na Wakristo pamoja. Askari mweusi na karani mweusi walidharauliwa na ngazi moja. Walakini karani alipewa kalamu, na askari alipewa amri ya kuwashika ndugu zake. Sheria ya mwaka 1944 iliruhusu Mwafrika asiyetakiwa mjini aondolewe, na Sheria ya Adhabu ya 1945 ikamfanya mkosaji mtu asiyeweza kueleza anaishi kwa kazi gani. Neno hilo la uzururaji lilitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa kwa ajili ya maskini wa huko.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na mwaka 1964 Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali. Rangi ikaondoka katika ngazi, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mazoea hayakuondoka pamoja na watu waliokuwa nayo. Mwaka 1983 sheria ya nguvu kazi ilitungwa, na vijana wa mijini wakakusanywa tena wapelekwe mashamba, kama walivyokusanywa baba zao. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa kuwakamata majangili, iliwaangukia wafugaji na wanakijiji kwa mateso, hata mawaziri wanne wakapoteza vyeo vyao mwezi Desemba. Hapo hapakuwa na Mzungu wala Mhindi wa kulaumiwa.

Basi msomaji akituuliza, Rangi gani tena mwaisema?, twamjibu kwamba siku hizi jicho la mwenye mamlaka halitazami ngozi. Latazama shuka na fimbo ya Mmang'ati, latazama mzigo wa mmachinga, latazama ujana wa mtu aliyesimama stendi usiku, na Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana kutoka kijijini. Katiba yetu, katika ibara ya 13, yakataza kumbagua mtu kwa kabila lake, mahali alipotoka, rangi, dini au hali yake ya maisha. Hali ya maisha imetajwa pale kwa makusudi. Na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, nchini mwetu wenyewe, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zizirekebishe au zizifute. Ni vikao vingapi vya usuluhishi ambavyo viongozi wetu wameyasoma maoni hayo mbele ya askari?

Mji wetu nao umekua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 walikuwa 410,956. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 765,179, kwa kuwa katikati ya miaka hiyo Serikali ilihamia hapa. Zamani askari aliwajua watu wa Majengo na Chang'ombe kwa majina, na wao walimjua. Sasa askari ni mgeni na raia ni mgeni, na wageni wawili wasiojuana huhukumiana kwa mavazi. Kwa hiyo twasema vikao vyahitajika kuliko zamani, na kwa sababu hiyo hiyo havifai kuwa vya maneno matupu.

Twawajua watakaotupinga. Wa kwanza watasema kwamba kuandika malalamiko ni kuwavunja moyo askari, watu wenye nyumba mbovu na kazi ya hatari. Shida zao ni za kweli, na ziandikwe katika daftari lile lile. Askari mwema ndiye afaidikaye kwanza, maana pasipo maandishi yeye na mwovu huitwa jina moja. Wa pili watasema kwamba raia nao si malaika. Ni kweli. Sungusungu walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya 1981 na 1982 walirudisha ng'ombe wengi, lakini pia walipiga na kuua. Na hata leo mtu huchomwa moto njiani, kisha magazeti yakaandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni mtu asiye na jina wala nyumba. Hayo nayo yaandikwe. Daftari halimpendelei mwenye sare wala asiye nayo.

Lakini wapinzani wakubwa hawatasema neno, nao ni baadhi ya viongozi wenyewe. Yuko kiongozi aendaye kikaoni ili ajulikane na mkuu wa kituo, na siku mpwa wake akishikwa hupiga simu moja akaachiliwa, hali mtoto wa mjane wa mtaa uo huo alala mahabusu. Kiongozi wa namna hii hataki daftari, kwa kuwa urafiki wake ndio biashara yake. Huyu hakupatanisha raia na polisi, amejipatanisha yeye. Watu wamwangalie vema.

Nchi imekwisha kuambiwa habari hizi kwa sauti kubwa kuliko yetu. Mwezi Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, mwenyekiti wake akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mwezi Julai mwaka huo ikatoa taarifa iliyotaka mabadiliko makubwa katika polisi. Baada ya damu kumwagika katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, tume nyingine ikaundwa, na mwenyekiti wake akawa mtu yule yule. Twamheshimu. Lakini mtu mmoja kuitwa mara mbili katika miaka mitatu ni dalili kwamba yaliyoandikwa juu hayakushuka mpaka kituo cha kata. Nako kwenye kata ndiko kuliko na mlango wa mahabusu.

Basi neno letu ni hili. Kila kikao cha raia na polisi kiwe na daftari lenye safu tano: tarehe, jambo lililolalamikiwa, aliyepewa kulijibu, siku ya kujibu, na jibu lililotolewa. Jina la mlalamikaji lisisomwe hadharani asipopenda. Kikao kinachofuata kisianze kwa hotuba. Kianze kwa kusomwa kurasa za kikao kilichopita, na lililokosa jibu lipelekwe kwa maandishi kwa mkubwa wa aliyenyamaza. Kadhalika viongozi wajifunze sheria kabla hawajaketi. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 1985 yasema kwamba muda wa kwanza wa kumhoji aliyeshikwa ni saa 4. Yasema pia kwamba aliyekamatwa pasipo hati, ikiwa hawezi kufikishwa mahakamani katika saa 24, mkuu wa kituo alichunguze shauri lake na kumwachia kwa dhamana, kosa lisipokuwa kubwa. Mwenyekiti wa mtaa ayajuaye maneno haya mawili ana faida kuliko mwenye hotuba kumi.

Na nani aandike? Wanachama, hapa ndipo twawaita. Hakuna kata katika mkoa huu isiyokuwa na karani, mwalimu au mtumishi wa Serikali aliye hai au mstaafu. Kazi ya kuandika sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza, ndiyo kazi tuliyofundishwa. Asiseme mtu kwamba mambo ya polisi si ya idara yake. Mtoto wake apitapo njiani usiku haulizwi baba yake yu idara gani. Ajitolee saa mbili kwa mwezi, achukue kalamu, akae karibu na mwenyekiti, na akiambiwa, Hili usiandike, basi aandike kwamba aliambiwa asiandike.

Ngazi ya rangi ya mwaka 1919 iliwekwa kwa maandishi, kwa amri zilizotiwa sahihi na kuhifadhiwa. Haitabomolewa kwa maneno ya mdomo.