Majumba Marefu Juu ya Reli: Na Sisi Tutalala Wapi?

Ndugu Wanachama,

Habari ya majumba marefu yanayotakiwa kujengwa katika ardhi ya reli hapa Nairobi si habari ya matajiri peke yao. Ni habari yetu. Basi soma karatasi hii mpaka mwisho, kisha umpe mwenzako aliye zamu ya usiku naye aisome.

Mpango wenyewe unaitwa Nairobi Railway City. Eneo lake ni kama eka 425, hapo penye stesheni kuu na yadi zake, katikati ya mji. Mwezi wa Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua kazi hiyo, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, James Cleverly, akiwa pamoja naye. Picha zimechorwa vizuri sana: stesheni mpya, maofisi, maduka, na nyumba za kuishi, vyote mahali pamoja, orofa juu ya orofa. Tumezitazama picha hizo. Tumeona miti, tumeona vioo, tumeona watu wenye mikoba mizuri. Hatukumwona hata mtu mmoja aliyevaa ovaroli.

Hatusemi kwamba hatutaki maendeleo. Stesheni ni ya zamani, abiria ni wengi, na mji umejaa. Sisi wenyewe twafurahi kuona stesheni nzuri. Lakini twauliza neno moja tu: nyumba hizo ni za nani?

Wengine watatujibu kwamba ardhi ya katikati ya mji ni ghali, kwa hiyo lazima wakae humo wale wenye fedha, na mfanyakazi akae mbali ambako ardhi ni rahisi. Vema. Lakini ni nani aliyeifanya ardhi hiyo iwe ghali? Reli ilipofika hapa mwaka 1899 hapakuwa na mji. Palikuwa na maji baridi na tope. Mji ulikuja kwa sababu reli ilikuja, na reli ilijengwa kwa mikono ya wafanyakazi, Waafrika na Wahindi, na wengi wao walikufa njiani. Kila shilingi iliyo ndani ya udongo huo imetiwa na kazi. Sasa mwenye kazi anaambiwa udongo umekuwa ghali mno kwake!

Tena, jambo hili si geni. Zamani wakubwa wa mji walimhesabu mfanyakazi kama kitanda kimoja. Alipewa mahali pa kulala peke yake, mke na watoto wabaki nyumbani mashambani, na mshahara ukapimwa hivyo hivyo. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya mkoloni yenyewe, ile ya Carpenter, ilikubali kwamba jambo hilo si sawa, ikashauri mshahara upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Hata hivyo fedha haikuja kwa hisani. Mwezi wa Novemba 1959 wafanyakazi wa Railway African Union waligoma, na magari ya moshi yakakosa watu. Wazee wetu hawakupata kitu kwa kukaa kimya, na sisi hatutapata.

Sasa tutazame Muthurwa, maana hapo kuna fundisho. Landhi za Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya watu wa reli, karibu kabisa na kazi. Mwaka 2006 Shirika la Reli liliutolea mfuko wa pensheni ya wafanyakazi wake baadhi ya ardhi, na Muthurwa ilikuwa humo, ili wastaafu wapate kulipwa haki yao. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa wakaambiwa watoke, na ubomoaji ukaanza wakingali ndani. Wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu kwamba namna walivyotendewa ilivunja haki zao za nyumba na za heshima ya binadamu.

Angalieni ubaya wa jambo hili, ndugu. Mstaafu alikuwa na haki ya pensheni yake. Mpangaji, ambaye mara nyingi ni mstaafu au mtoto wa mstaafu, alikuwa na haki ya kutotupwa njiani. Watu wawili maskini wakasimamishwa mbele ya jaji kama maadui. Na deni la pensheni halikufanywa na mmoja wao! Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini hapa hata tembo hawakupigana. Nyasi ziligombanishwa zenyewe kwa zenyewe. Katika mpango huu mpya tusikubali kugombanishwa tena. Tusiambiwe, "Mkidai nyumba, wazee wenu watakosa pensheni." Deni la pensheni lilipwe na anayedaiwa, na nyumba zidaiwe kwa haki yake.

Juzi sisi watatu tulikwenda ofisi moja inayouza nyumba za ghorofa hapa mjini. Hatutaitaja. Tulivaa nguo safi. Karani alitupokea vizuri mpaka alipotazama karatasi zetu za mshahara. Malipo ya kwanza peke yake yalikuwa zaidi ya mshahara wetu wa miaka mitatu. Mwenzetu mmoja akauliza kama kuna nyumba za kupanga. Karani akasema mwenye kununua ndiye atakayepangisha, kwa kodi atakayopenda. Basi tukarudi kazini kwa miguu.

Fahamuni pia jinsi nyumba hizo zilivyo. Kwa Sheria ya Mali ya Sehemu ya 2020, mtu aweza kununua nyumba moja ndani ya jumba na kupata hati yake mwenyewe. Wenye nyumba wote huwa shirika moja, nao hutoa fedha za lifti, pampu za maji, taa, ulinzi na usafi. Si jambo baya. Lakini mpangaji hana kura katika shirika hilo. Na mtu anayeishi orofa ya kumi na tano hawezi kusema, "Mwezi huu sina fedha ya lifti." Nyumba ya chini ina mlango na bomba. Nyumba ya juu ina ada kila mwezi, milele. Anayepanga kumweka mfanyakazi huko lazima ahesabu ada hiyo pia. Akisahau, amemjengea nyumba ya kuhamwa.

Watasema, "Msinung'unike, kazi zitapatikana." Kazi gani? Kazi ya kujenga huisha siku kontrakta akiondoa mashine zake. Baada ya hapo kutabaki kazi ya kufagia, ya kulinda mlango na ya kubeba mizigo. Na huyo mfagiaji atatoka wapi asubuhi? Atatoka mbali, saa kumi za usiku, giza bado, aje kumsafishia ngazi mtu anayelala juu ya stesheni. Sisi wa reli twajua zaidi ya wote. Gari la kwanza la abiria halingoji dereva aliyekwama katika matatu. Mfanyakazi wa zamu akilala mbali, usalama wa reli wenyewe unalala mbali.

Wala msifikiri twaomba sadaka. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, au ampe fedha za kutosha za kodi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya nyumba ya kufaa. Tena, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 450 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 5,400. Aliyekwisha kulipa haitwi mwombaji. Ni mdai.

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, idadi ya nyumba za wafanyakazi katika ardhi ya reli iandikwe katika mpango kabla ya tenda kutolewa, wala isiachwe kuwa ahadi ya jukwaani. Pili, sehemu ya nyumba hizo ziwe za kupanga, kwa kodi inayopimwa kwa mshahara, pamoja na ada ya jumba. Tatu, mtu asitolewe katika nyumba ya reli kabla ya kuonyeshwa kwa maandishi mahali atakapokaa, na lini atarudi. Nne, ardhi ya njia za reli, yadi na karakana isiuzwe kwa ajili ya maduka, maana ghorofa haliwezi kuondolewa siku reli itakapohitaji nafasi. Tano, mipango yote isomwe kwa Kiswahili, katika saa ambayo watu wa zamu waweza kuja, na chama cha wafanyakazi kikae mezani.

Ndugu, wengi wetu tulisoma habari za Ahabu na shamba la Nabothi tukiwa watoto. Ahabu hakukosa ardhi. Alitaka ile iliyo karibu na nyumba yake. Ardhi ya reli imo karibu na nyumba za wakubwa, nao wataitaka. Lakini Nabothi alikuwa peke yake. Sisi tuko wengi, na tuna chama.

Kila tawi lichague watu wawili wa kwenda katika mikutano ya mpango huu. Notisi ikibandikwa, aliyeiona kwanza awaambie wengine siku hiyo hiyo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli.