Nani Alikuambia Mkimbizi Hachagui?

Ndiyo, nimekula kwenye bistro ya Kifaransa Nairobi. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Kakuma habari imeshafika na imefika imeongezwa chumvi. Ati nilikunywa mvinyo chupa nzima. Ati nililala hoteli ya nyota tano. Sikunywa. Nililala gesti, vitanda vitatu chumba kimoja.

Tulikuwa vijana watatu tulioitwa kwenye mafunzo ya wiki moja, mimi, dada mmoja kutoka Sudan Kusini na ndugu mmoja Msomali. Usiku wa mwisho wenyeji wetu wakasema tutoke, tule vizuri, tuagane. Wakatupeleka mahali penye vitambaa vyeupe juu ya meza na mishumaa, ingawa stima haikuwa imepotea. Weita akaleta menyu. Kabla sijaifungua, mkubwa wa meza, mtu mpole kabisa, akamwambia weita kwa sauti: hawa watatu waletee kuku na chipsi, ndiyo watapenda. Kisha akafungua menyu yake, akaanza kuhangaika. Ilikuwa kwa Kifaransa.

Mimi nimesoma shule ya msingi Uvira, na Uvira mwalimu alikuwa anatuchapa kwa Kifaransa. Menyu ile niliisoma juu mpaka chini. Pale mezani palikuwa na watu saba na ni mimi peke yangu niliyejua kilichoandikwa, na ni mimi niliyeagiziwa kuku.

Sasa nisikilizeni pande zote mbili, kwa sababu nina ugomvi na zote mbili.

Kwanza nyinyi wa nyumbani. Kuna wazee na hata vijana wenzangu wanasema ningekataa kula. Ningesimama niseme hiyo pesa iletwe kambini, watoto wana njaa. Bana, hesabu nimeipiga hata mimi. Supu moja pale ilikuwa na bei kuzidi pesa ya chakula niliyokuwa napokea kwenye simu kwa mwezi mzima. Iliniuma, siwezi kudanganya. Tangu mgao ukatwe na tugawanywe makundi, mama yangu anapika mara moja kwa siku, na mimi nilikuwa nakata mkate kwa kisu cha siagi. Lakini mnafikiri nikisusa, ile pesa inapanda basi inakuja Lodwar? Ingebaki Nairobi, ingelipa chakula cha usiku cha watu wengine. Na tena, nilikuwa na njaa. Mkimbizi anayekataa chakula ili asifiwe, huyo anaigiza.

Kilichoniudhi hakikuwa bei. Kilichoniudhi ni lile neno, watapenda.

Niliposema, pole mzee, mimi nataka supu ya vitunguu, meza ilinyamaza. Akaniambia kwa huruma, hutaipenda, ina jibini juu. Dada yetu naye akaomba samaki, akaambiwa ana miba. Mtu aliyekulia karibu na Naili anaambiwa samaki ana miba! Ndugu Msomali ndiye aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi, kwa sababu vyakula vingi pale hupikwa na mvinyo, na kuna nguruwe. Yeye hakuulizwa kitu. Ilibidi amuite weita pembeni kama mtu anayeiba, amuulize kuku amepikwa na nini.

Sasa niwaambie kuhusu ile supu, wale mnaodhani nilikula chakula cha wafalme. Ni vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa kahawia, maji ya mifupa, na mkate mkavu uliolala, umewekwa juu na jibini ikachomwa. Kule Paris ilijulikana sana kwenye soko kuu la Les Halles, kabla soko halijahamishiwa Rungis mwaka 1969. Wapagazi waliobeba mizigo usiku kucha waliinywa alfajiri ili wapate joto. Menyu ile ilikuwa na cassoulet pia. Jina zuri, sivyo? Ni maharagwe. Maharagwe yaliyopikwa masaa mengi na nyama kidogo. Na coq au vin ilitokana na jogoo mzee mwenye nyama ngumu, ndiyo maana anachemshwa muda mrefu ndani ya mvinyo.

Hata bistro zenyewe hazikuanza na vitambaa vyeupe. Nyingi za Paris zilifunguliwa na watu waliohama kutoka milima ya Auvergne, sehemu maskini, wakaja mjini kubeba maji na kuuza makaa. Mume anauza makaa na mvinyo mlango mmoja, mke anapika sufuria moja nyuma, wateja wanakula kilichopo. Watu wa mjini waliwacheka kwa lafudhi yao. Mwone mama wa Kiturkana anayetuletea makaa asubuhi, halafu mpe sufuria na benchi mbili. Hiyo ndiyo bistro.

Na leo jikoni mwa mikahawa ya Paris yuko nani? Aprili 2008 wafanyakazi wasio na vibali, wengi wao watu wa Afrika Magharibi hasa Mali, waligoma kwenye mikahawa ya Paris. Walikuwa wanaosha vyombo, wanapika, wanalipa kodi, na bado hawakuwa na karatasi. Wateja walikula mikononi mwao miaka mingi bila kujua. Miaka minane baadaye, Juni 2016, Paris hiyohiyo ikaanzisha tamasha la chakula ambapo mikahawa inawapa wapishi wakimbizi jiko lao, wapike chakula cha kwao, watu walipe. Kumbe inawezekana.

Kwa hiyo nyinyi wa mashirika, ambao najua mnasoma gazeti hili kwa sababu hulichukua bure ofisini, swali langu ni dogo. Mafunzo yote mnayofanya hapa kambini, chakula cha mchana kinatoka wapi? Mimi ni insentivu wa vijana, nimeshakaa kwenye mafunzo siwezi kuhesabu. Kinakuja na gari kutoka kwa mkandarasi wa nje, ndani ya vibakuli vya plastiki: wali, kipande cha kuku, kabeji. Kimepoa. Na hakuna siku mtu ameuliza tunataka nini. Wakati hapohapo, hatua mia mbili, kuna mama Mrundi anapika maharagwe na mawese ambayo mkiyaonja hamtarudi kwenye kabeji. Kuna mama wa Bukavu na sombe. Kuna Wasomali na anjera za asubuhi. Na kwa Wahabeshi hatuhitaji kuwaonyesha njia, Ijumaa tunawaona mmejaa pale na magari yenu nje.

Mnajua chakula chetu ni kizuri. Mnakuja kukila mkiwa nje ya kazi. Ila kwenye bajeti mnaandika jina la mtu mwingine.

Najua jibu mtakalotoa, kwa sababu nimeshalisikia: risiti, leseni, usafi, taratibu za manunuzi. Sawa. Basi wasaidieni hao akina mama wapate leseni na cheti cha afya, kama mnavyotufundisha kila mwaka somo la ujasiriamali kwa chati na kalamu za rangi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inazungumza kuhusu sisi kufanya kazi. Tumefundishwa ujasiriamali mpaka tumechoka. Mteja ndiye hatujapewa.

Na mkimwona mtu anauza sehemu ya mgao wake, msiandike kwenye ripoti kwamba hana shukrani au hana njaa. Anauza mtama anunue makaa, au maziwa ya mtoto, au kitunguu. Anachagua, kwa hasara, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kuchagua aliyoachiwa.

Mzee yule wa Nairobi simchukii. Mwisho wa chakula aliomba kuonja supu yangu, nikampa kijiko. Akasema tamu. Tukacheka wote. Lakini nilimweleza bado mezani, kwa heshima, kwamba siku nyingine aulize kwanza, na nafikiri alielewa kwa sababu masikio yalimbadilika rangi.

Niliporudi nilimpikia mama. Vitunguu vitatu, mfupa wa mbuzi, mkate wa juzi, jibini hakuna. Akanywa bakuli yote, akafuta mdomo na kitenge. Akaniuliza hii ndiyo uliyoenda kula Nairobi kwa bei ile. Nikasema ndiyo. Akasema, mwanangu, hii ni chakula ya mgonjwa.

Mafunzo mengine ya vijana yanaanza Jumatatu ya pili ya mwezi ujao, watu arobaini, siku tatu. Orodha ya akina mama wanaopika ninayo, pamoja na bei zao na namba za simu. Nimeiacha kwa mlinzi wa geti la kituo cha vijana. Ulizeni pale.