Nyumba za Wajenzi wa Bwawa



Wengi wetu twakumbuka miezi ile ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme upitao chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani. Kuanzia Mji Mkongwe hadi Kizimbani pampu zilisimama, tukabeba ndoo. Ndipo tulipotambua kwamba mwanga wetu watoka mbali: Kidatu, Mtera na mitambo mingine ya gridi ya Taifa, na tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Tuliuliza umeme utarudi lini. Hatukuuliza waliojenga mabwawa hayo walilala wapi, wala kazi ilipokwisha walikwenda wapi.

Miongoni mwa mabwawa ya Afrika, historia ya Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, yajibu swali hilo kwa uwazi usiopendeza. Bwawa hilo katika Mto Zambezi lilijengwa na kampuni ya Kiitalia, Impresit, kati ya mwaka 1955 na 1959, enzi ya ukoloni wa Mwingereza. Palipokuwa pori pakazuka mji. Wazungu walijengewa juu kilimani, penye upepo. Vibarua Waafrika wakawekwa chini kwenye joto, katika kitongoji cha Mahombekombe, ambacho kilikusudiwa kuwa cha muda tu. Aliyechora ramani alihesabu mikono ya kufanya kazi, akasahau kwamba mikono hiyo ina wake na watoto. Kazi ikaisha, watu wakabaki. Mahombekombe ipo hata leo, na uvuvi ni tegemeo kubwa la mji ule. Tena, ajabu ni kwamba samaki wanaovuliwa kwa wingi huko ni dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, waliopandikizwa Kariba mwaka 1967 na 1968.

Waitalia wale walijenga pia kanisa dogo la mviringo, la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi. Humo wanakumbukwa wafanyakazi 86 waliofia kazini, weusi kwa weupe. Ni kumbukumbu njema. Lakini yauma kuona kwamba watu hao walikutanishwa mahali pamoja baada ya kufa tu. Nao Watonga wapatao 57,000, waliohamishwa ili bonde lao lijae maji, walishuhudia umeme ukienda kwenye migodi ya shaba na viwanda, na wengi wao wakabaki na vibatari kwa miongo mingi.

Tusidhani haya ni ya wageni. Kizimbani, mojawapo ya mahali pa kwanza kupandwa mikarafuu hapa kisiwani mwanzoni mwa karne ya 19, ilistawishwa kwa jasho la watumwa. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, mashamba ya karafuu yaliendelea kutegemea vibarua na wachumaji, wengine kutoka Bara, na wengi walijenga vibanda katika ardhi ya mwenye shamba, kwa ridhaa yake. Hapakuwa na bwawa, ila jambo ni lile lile: nyumba ilifuata kazi, na kazi haikuwa yao. Ndiyo maana ugawaji wa eka tatu tatu, uliofuata Mapinduzi ya 1964, uliwagusa watu moyoni kuliko hotuba nyingi.

Leo, ukipita pwani ya mashariki, utaona mabanda ya mabati nyuma ya hoteli zinazojengwa. Humo hulala mafundi na vibarua. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alimweka mtu mbele ya mtaji. Sijui kama mafundisho hayo yamewahi kufika kwenye mabanda hayo.

Kwa hiyo Tume yaiomba kila jumuiya ndogondogo itembelee, kabla ya Kwaresima, kambi moja ya wajenzi iliyo karibu nayo, wawe Wakristo au Waislamu. Ulizeni kwa heshima kama wana mikataba ya maandishi, maji wayapata wapi, anayeumia hutibiwa na nani, na watalala wapi siku hoteli itakapofunguliwa. Majibu yaandikwe na kuletwa kwa katibu wa Tume parokiani, bila majina ya waliosema.