Mlima Tunabeba Sisi, Kuutembea Tumewaachia Wengine

Wadau, kimya changu kilikuwa cha mitihani tu. Nimerudi, na leo nina la kusema.

Tangu watu wa hosteli wasikie kwamba nimetembea kwa miguu siku 3 kutoka Old Moshi hadi Marangu, peke yangu, begi mgongoni, nimekuwa kesi. "Ulikosa nauli?" "Umetumwa na nani?" "Si mambo ya wazungu hayo?" Naomba niwajibu wote kwa mpigo mmoja.

Kwanza, hilo la wazungu. Kila mtu hapa chuoni anajua Hans Meyer alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Muulize nani alimwongoza mlimani, anaangalia dari. Husimuliwa kwamba ni Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu hapo juu tu! Na usiku wa Uhuru, Desemba 1961, aliyepeleka mwenge kileleni ni ofisa wa jeshi letu, Alexander Nyirenda. Hadi leo mizigo ya wageni inapanda kwenye vichwa vya kaka zetu. Sasa mlima umekuwaje wa wazungu? Kubeba tunabeba sisi, kuufurahia tumewaachia wengine.

Pili, eti natembea bila sababu. Jamani, sisi tunasomea ualimu! Tumekariri kwamba joto hupungua kama nyuzi 0.6 kila ukipanda mita 100. Sawa. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Piga hesabu, ni kama nyuzi 5. Kwenye daftari ni namba, mgongoni ni baridi inayokufanya utafute sweta. Mjini niliacha vumbi, juu nikakuta migomba inadondosha maji. Mada nzima ya mvua za milimani niliielewa kwa nusu siku.

Na mifongo je? Wazee walichimba mifereji ya maji kufuata mteremko bila kipimo chochote zaidi ya jicho, na maji yanagawanywa kwa zamu hadi kila kihamba kipate. Old Moshi ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli, Machi 1900. Jiografia, historia na uraia, vyote kwenye njia moja, na hakuna kiingilio.

Tatu, kwa nini peke yangu? Kwa sababu ziara zetu za kundi nazijua. Muziki ndani ya basi, soda, picha getini, jioni tumerudi. Ukiwa 40 hakuna anayekusemesha. Ukiwa mmoja, bibi anakusimamisha: "Shikamoo yako nimeisikia, wewe ni mtoto wa nani?" Ukishajieleza unapewa ndizi, na unaambiwa mfongo upi umekauka na tangu lini. Hayo hakuna mhadhiri atakayekupa.

Nne, "msichana peke yake, wakikudhuru je?" Hili silichezei. Nilitembea mchana tu, nililala kwa ndugu waliojua nakuja, na kila jioni nilipiga simu. Lakini kaka zangu mnaoniuliza hivyo, mbona mvulana akienda hamumuulizi? Kama njia ina hatari, tuiondoe hatari. Kumfungia dada ndani siyo usalama.

Na msinielewe vibaya. Siwaambii mpande Kibo kienyeji. Kule sheria inataka mwongozaji mwenye leseni, na ni sahihi. Kwenye mita 5,895 ugonjwa wa kimo haujali una digrii ngapi. Tangu 2005 msitu nao umo ndani ya hifadhi, kwa hiyo mimi niliishia kwenye mpaka wake. Wanaojisifu kwamba wamepenya bila kibali, huo si ujasiri, ni utoto. Chini ya mpaka huo kuna vijiji na njia za kututosha miaka yote ya chuo.

Sasa fikirini. Mwakani tunaenda TP. Utasimama mbele ya watoto 60 wanaouona mlima dirishani, halafu uwasomee habari zake kutoka kwenye notsi ulizokopi. Kati ya 1912 na 2011 mlima huu ulipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake. Watoto hao huenda wakawa wa mwisho kukua wakiuona ule weupe. Wakikuuliza unakwenda wapi, utawajibu nini wakati hujawahi hata kusogea?

Bumu likitoka, kabla hujakimbilia simu mpya, weka pembeni nauli ya daladala, koti la mvua na viatu vinavyoshika matope. Vuli ndiyo hii imeanza. Na ukikutana na bibi njiani, anza na shikamoo.