Panya, Nyoka na Nyumba Yetu

Mama mmoja ametuuliza kwa nini nyoka huingia nyumbani mwake, naye hufagia kila asubuhi. Jibu letu ni hili: nyoka hamfuati mama huyo, bali humfuata panya, na panya hufuata gunia la mahindi lililo kando ya kitanda.

Basi tuanze na chakula. Mahindi, karanga na mihogo mikavu visilale chumbani mwa watu. Viwekwe katika pipa lenye kifuniko, au katika ghala iliyoinuliwa juu ya nguzo, na kila nguzo ivikwe bati mfano wa mwavuli, panya asipande. Kisha tuzunguke nyumba. Tundu linaloingia kidole gumba humtosha panya mdogo. Tulizibe kwa udongo uliochanganywa na vijiwe, maana udongo mtupu hutobolewa tena usiku uleule. Kuni zisirundikwe ukutani.

Usiku tulale kitandani, si chini, na ncha za chandarua zichomekwe chini ya godoro. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, abebwe hospitali upesi.

Lakini liko jambo ambalo wengi hulikosea, na huko Ituri, ambako tauni haijaisha, kosa hilo huua. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aligundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto ndio wanaokihamisha kutoka kwa panya. Panya akifa, viroboto huuacha mwili uliopoa, wakatafuta damu nyingine. Kwa hiyo tukiona panya wanakufa wenyewe, pasipo mtego wala sumu, tusishangilie. Tusiwaguse kwa mikono, wala watoto wasiwachezee. Muuguzi wa kituo cha afya apewe habari siku ileile. Hapo viroboto huuawa kwanza kwa dawa, panya baadaye. Anayeanza na panya huwaelekeza viroboto kitandani mwa watoto wake. Na mtu akishikwa na homa kali pamoja na uvimbe kinenani au kwapani, asingoje kesho: dawa ipo, nayo huponya ikitolewa mapema.

Mama yule aliuliza pia habari ya paka. Afuge, ni mlinzi mwema. Ila paka naye huugua tauni. Panya wakianza kufa, asilale tena na watoto.