Gari Kuukuu na Tope za Guta

Huku kwetu Guta, kando ya Ghuba ya Speke, mvua za masika zinyeshapo udongo mweusi hugeuka tope la kunata. Jirani yangu aliinua pikapu yake kwa kuongeza vyuma vya springi, akajisifu kwamba kijito hakimzuii tena. Naam, alivuka vingi. Lakini usiku tulipompakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, difu ililia, kisha ikavunjika njiani. Tulimbeba mama kwa kitanda. Akajifungua salama, ashukuriwe Mungu.

Fundi alipoifungua difu, alikuta mafuta meupe kama maziwa. Sababu ni hii: difu yenye moto ikizama katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea, ikavuta maji kwa kitundu cha kupumulia. Dawa yake ni kufunga mpira mwembamba pale kitunduni na kuupandisha juu karibu na injini, na kuyatazama mafuta kila baada ya kuvuka maji ya kina. Tena, gari lililoinuliwa hupinduka upesi. Mzigo mzito na ukae chini.

Basi, baba wa nyumba, kabla ya kuliinua gari lako, lichungulie tumboni.