Anwani ya Printa na Uvivu Wetu

Kuna kauli inayorudiwa katika vikao vyetu vya ushairi, nami naipinga waziwazi: kwamba Kiswahili kinafaa kuimba mapenzi na kuomboleza wafu, lakini tukifika kwenye mitambo ya mtandao sharti kikae kando. Wanaoisema hawajajaribu.

Chukueni kazi kavu kuliko zote: kuipa anwani seva ya printa, ile inayoziwezesha kompyuta zote za ofisi kuchapa kwa printa moja. Ruta hugawa anwani kwa kupangisha. Muda wa pango ukiisha, chombo chaweza kupewa namba nyingine, na kompyuta zikaendelea kupeleka kazi katika chumba ambacho mpangaji amekwisha kukihama. Karatasi haitoki. Dawa ni kuipa seva namba isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50, nje ya fungu ambalo ruta huligawa. Ofisi ya Handeni yaweza kutumia namba hiyo, na ya Korogwe hiyohiyo, wala zisigombane, kwa kuwa namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu. Kila gesti ina chumba namba 3.

Neno gani hapo limetushinda? Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi. Nyumba zikapewa namba, mitaa ikapewa majina. Sikusikia Mzigua wa Handeni wala Msambaa wa Korogwe akiomba mkalimani. (Postikodi ilipenya, naam. Lugha hai hukopa.)

Wala siwaungi mkono wanaogombania "tarakilishi" na "ngamizi" ilhali steshenari zote zasema kompyuta na kazi inakwenda. Ugomvi huo ni anasa. Kinachoumiza ni kijana wa steshenari anayekariri maneno ya Kiingereza kama hirizi, asijue kwa nini printa iliyochapa jana leo imenyamaza, akamsubiri fundi kutoka Tanga na kumlipa nauli kwa kazi ya dakika 5. Wateja wake nao wanasimama mlangoni na barua zao za maombi ya kazi.

Maelezo ya ukurasa mmoja kwa lugha yake yangemtosha. Nani atayaandika? Sisi tunaohesabu mizani 16 katika kila mshororo bila kukosea, twashindwaje kueleza namba 4, kila moja kati ya 0 na 255?